Sufuria ilianguka, wawili hawakushtuka

Shikamoo Mjomba,

Naomba usiandike jina langu, na mtaa usiutaje kabisa. Hapa Arusha wenye mbwa wa madoa tunahesabika kwa vidole, ukitaja mtaa tu nimekwisha.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto watatu. Miaka minne iliyopita nilinunua Dalmeshiani jike kwa familia ya Wazungu waliokuwa wanarudi kwao. Jicho lake moja ni la kahawia, la pili ni la bluu kama shanga, na kila mgeni anayeingia getini hulisifia jicho hilo kabla hajawasalimia wenye nyumba.

Mwaka jana mume wangu alipunguzwa kazini, hoteli moja ya watalii, na ada za watoto zikaniangukia mimi na duka langu la vitenge. Nikapata wazo la kumzalisha mbwa. Mzee mmoja wa kanisa letu ana dume, macho yote mawili ya bluu, na karatasi za ukoo wake hadi kwa babu wa babu. Tulipatana asinitoze hela ya kupandisha, badala yake achague watoto wawili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Walizaliwa tisa. Wote weupe pe, bila doa hata moja, nikaanza kumshuku mbwa wangu kwamba alitoroka na koko wa jirani. Madoa yalianza kuchomoza karibu wiki ya pili, nikashukuru. Mmoja tu alizaliwa na baka kubwa jeusi sikioni. Mzee alipokuja wiki ya nne alimsukuma huyo pembeni akasema ana kasoro. Yeye alichagua mweupe zaidi ya wote, mwenye macho yote mawili ya bluu, na mwenzake mmoja. Mimi nikapokea malipo ya awali kwa wateja sita, shilingi 150,000 kila mmoja. Hela hiyo sina tena Mjomba, ililipa ada ya muhula.

Wiki ya tano nilikuwa uani naosha vyombo, sufuria ya ugali ikaniponyoka ikaangukia saruji. Watoto saba waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Wawili waliendelea kulala. Nilidhani wamekufa. Nikamgusa mmoja mgongoni, akashtuka akaning'ata kidole. Tangu siku hiyo nimepiga makofi nyuma yao, nimepiga filimbi, nimetikisa funguo. Hawasikii. Na mmoja wao ni yule yule mwenye macho ya bluu aliyechaguliwa na mzee.

Mama mkwe anasema ni mimi, kwa sababu nilimwogesha mbwa kwa dawa ya kupe akiwa na mimba. Mume wangu anasema wapelekwe kwa daktari wachomwe sindano ya kuwaua mapema, kabla watoto hawajawazoea. Amechelewa: binti yetu wa miaka saba ameshampa mmoja jina, Pamba. Mzee nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema atachagua mwingine, na huyo nimpe mteja wa Moshi kwa kuwa anakaa mbali. "Mtoto wa mbwa haambatani na cheti cha masikio," akaniambia. Halafu akasema turudie kuwapandisha mwezi wa 12.

Ningekuwa na hayo tu ningeshamaliza. Lakini nina mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 24, fundi seremala. Ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili. Alisoma Shule ya Viziwi Mwanga. Jumapili ya wiki iliyopita alikuja kula kwetu. Alikaa na watoto wa mbwa dakika kumi, akanionyesha wale wawili bila mimi kumwambia. Alicheka sana. Akampa Pamba ishara ya jina, kama viziwi wanavyopeana. Tulipoketi mezani mume wangu akaanza tena: "Kiziwi wa nini? Atalinda nini?" Mdogo wangu husoma midomo. Aliweka kijiko chini, akanitazama mimi, akaniuliza kwa mikono: "Na mimi?" Sikuwa na jibu. Nikamwongezea mboga. Hajaja tena, na ujumbe wangu wa simu anausoma bila kujibu.

Sasa Mjomba, nikiacha kumzalisha mbwa wangu kwa sababu anazaa viziwi, si ni sawa na kumwambia mdogo wangu kwamba asingepaswa kuwepo? Na nikiendelea, ninazalisha wengine kwa makusudi? Wateja wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nisaidie.

Mama wa Madoa, Arusha

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama daktari wa mifugo mstaafu, nikahesabu mbwa. Mara ya pili mbwa walinitoka kichwani, nikabaki na kijana aliyeweka kijiko chini. Nitamfikia. Lakini umenibebesha mzigo wenye mafundo mengi, na mafundo mengine yanafunguka haraka zaidi, niruhusu nianze na hayo.

Umeandika kana kwamba jambo ni moja: uziwi. Mimi naona wateja sita wenye hela zao kwako, mzee mwenye haraka, mume aliyechoka, watoto wawili wa mbwa wasiosikia, jike ambaye huenda akapandishwa tena, na mdogo wako. Umeyafunga yote kwa kamba moja, ndiyo maana ukivuta upande mmoja unahisi unamnyonga mtu upande wa pili.

Tuanze na mama mkwe. Mwambie kwa heshima zote kwamba dawa ya kupe haina kesi hapa. Uziwi wa namna hii unafuata rangi. Mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni, seli zinazotengeneza rangi huanzia kwenye mstari wa mgongo, kisha husafiri kwenda kwenye ngozi, machoni, na pia ndani kabisa ya sikio, kwenye kile kijumba kilichojikunja kama konokono kiitwacho koklea. Huko sikioni hazina kazi ya kupaka rangi. Zinatunza utando wenye mishipa midogo ya damu unaolisha chombo cha kusikia. Zisipofika, utando huo hunyauka katika wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, na seli zinazopokea sauti hufa. Kufikia wiki ya tatu au ya nne kazi imekwisha. Unajua kwamba mbwa huzaliwa masikio yamezibwa, hufunguka karibu wiki ya pili; kwa hiyo wale wawili mlango wa sikio ulipofunguka, nyumba ilikuwa tayari inabomoka ndani. Hakuna dawa ya kuirudisha, na atakayekuuzia matone ya sikio anataka hela yako.

Dalmeshiani, ukimtazama vizuri, ni mbwa mweupe aliyetiwa madoa baadaye. Umeshuhudia mwenyewe. Seli za rangi zilikosekana sehemu kubwa ya mwili, madoa yakaja juu ya weupe huo. Na lile jicho la bluu linalosifiwa getini linakwambia hivyo hivyo: kwenye mboni hiyo rangi haikufika. Je, sikioni ilifika? Mara nyingi ilifika. Lakini mbwa mwenye jicho la bluu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa kiziwi au kuzaa viziwi kuliko mwenye macho ya kahawia, na wewe ulikutanisha jicho moja la bluu na macho mawili ya bluu. Sikulaumu. Ulichagua uzuri kama wachaguavyo wote, na mwenye dume, aliyepaswa kukuonya, ndiye aliyevutiwa zaidi. Jambo lenyewe si geni: mwanasayansi Charles Darwin aliandika mwaka 1859 kwamba paka wenye macho ya bluu daima ni viziwi. Watu wameliona kwa muda mrefu, wakaendelea kusifia macho.

(Usitoke hapa ukamshuku kila mbwa mweupe mtaani. Mbwa aina ya Samoyedi na spitsi ni weupe kwa njia nyingine: seli za rangi zilifika kila mahali, ila rangi zinayoitoa kwenye manyoya ni hafifu. Pua nyeusi, macho meusi, na masikio kwa kawaida mazima.)

Sasa yule mwenye baka jeusi sikioni, aliyesukumwa pembeni. Mpwa wangu, hapo nilicheka peke yangu. Mbwa wa Dalmeshiani anayezaliwa na baka ana nafasi nzuri zaidi ya kusikia kuliko ndugu zake, kwa sababu seli za rangi kwake zilisafiri vizuri. Lakini kwenye maonyesho ya mbwa, Ulaya na hata Marekani, baka linamwondoa mashindanoni. Kwa zaidi ya karne moja wafugaji wamekuwa wakiwaacha nje ya uzazi wale wenye dalili ya masikio mazima, kwa ajili ya urembo. Macho ya bluu nayo yana sheria mbili: kanuni za shirikisho la kimataifa la mbwa huko Ulaya zinayakataa, za Marekani zinayakubali. Profesa George Strain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, aliyewapima mbwa hawa kwa miaka mingi, alikuta Marekani karibu 8 katika kila 100 hawasikii kabisa, na wengine 22 husikia kwa sikio moja tu. Uingereza, ambako macho ya bluu hayapendwi, Dalmeshiani karibu 9,000 walipimwa kati ya 1992 na 2015. Wasiosikia kabisa walikuwa kama 4 katika 100, wa sikio moja kama 13, na idadi ilikuwa ikishuka kadiri miaka ilivyokwenda. Wafugaji wakichagua kwa uangalifu, uziwi unapungua. Hauishi.

Angalia tena hizo namba, maana zinagusa jambo ambalo nadhani hukuliwaza. Wenye sikio moja ni wengi kuliko viziwi kamili, karibu mara tatu. Wewe unaandika "watoto saba waliruka" na tayari umewapa hao saba cheti. Sufuria haiwezi kumtambua mwenye sikio moja. Naye ataruka tu. Anakuja akiitwa, anabweka mtu akigusa geti, maisha yake yote anaweza kuishi bila mtu kujua. Kipimo cha kumtambua hufanywa kuanzia karibu wiki ya tano: nyaya zenye visindano vidogo huwekwa chini ya ngozi ya kichwa, sikio moja huchezewa sauti ya tik-tik-tik, mashine ikasoma kama ubongo umeitikia, kisha la pili. Ni dakika chache. Muulize daktari wako wa mifugo wapi mashine hiyo inapatikana, na gharama yake. Kama haifikiki, basi neno la kweli la kumwambia mteja ni hili: "Huyu aliruka sufuria ilipoanguka. Zaidi ya hapo sijapima."

Na mama yao je? Unaamini anasikia kwa kuwa anakuja ukimwita. Mwite siku moja akiwa amekupa mgongo, mahali peupe. Je, anageuka moja kwa moja kwako, au kwanza anazungusha kichwa huku na huku kama mtu aliyeitwa gizani? Mwenye sikio moja hupata shida kujua sauti inatoka upande gani. Haitoshi kuwa kipimo, ila inatosha kukufanya ujiulize kabla ya mwezi wa 12.

Kuhusu wateja, nitakuambia nilichokiona kazini. Miaka ya tisini bwana mmoja aliniletea mbwa mweupe amefungwa kamba shingoni, na makovu mgongoni. Alisema ana kichwa kigumu, amempiga miezi sita asikie, hasikii. Nilipiga sahani nyuma ya mbwa. Yule bwana aliona mbwa hajageuka, akakaa kwenye benchi, akashika kichwa. Aliyemuuzia alijua. Mteja wako wa Moshi huenda ni mtu mwema kabisa, lakini mtu mwema asiyejua atafanya kama yule bwana: atadhani anadharauliwa, au atamwachia mbwa getini akutane na bodaboda inayokuja nyuma. Halafu siku moja atajua, na Moshi si mbali kama mzee anavyodhani.

Njia nyingine ni kuwapigia simu wote sita kabla ya Jumamosi. Ina machungu yake. Mzee akichukua wawili wanaosikia, unabaki na watano kwa wateja sita. Mmoja lazima arudishiwe hela usiyokuwa nayo. Mwingine atataka punguzo. Wa tatu ataghairi. Unaweza kuomba kurudisha kidogo kidogo, hilo si aibu, duka lako lipo na uso wako unajulikana. Kuna jambo unaweza pia kulitafakari: mlipatana kwamba mzee achague wawili, naye alichagua. Je, mlipatana kwamba akichagua vibaya atabadilisha? Sisemi umlazimishe kumchukua kiziwi; simtakii mtoto yule nyumba hiyo. Nasema tu kwamba hasara hii kwa sasa umeibeba peke yako, wakati mimba ilikuwa ya mbwa wawili.

Nije kwa mume wako. Umemweka kama mkatili kwenye barua. Inawezekana. Lakini mtu aliyepoteza kazi akaangalia midomo miwili isiyouzika inayokula kila siku anaweza kuongea hivyo kwa hofu. Na baadhi ya hofu zake zina msingi. Mbwa asiyesikia akiamshwa ghafla huweza kung'ata kabla hajajua ni nani; kidole chako ni shahidi. Hawezi kuachiwa barabarani. Hatasikia mwizi anayekata waya usiku, ingawa pua yake ni nzima na akikaa na mbwa mwenzake anayesikia huamka mwenzake akiamka. Dalmeshiani huishi miaka kumi na zaidi, kwa hiyo Pamba akibaki, binti yako atakuwa ameshamaliza kidato cha nne. Na wawili pamoja ni kazi kubwa kuliko mmoja, kwa maana wasiosikia hutazamana wao kwa wao wakamsahau mtu.

Sindano. Nilipoanza kazi nikitokea Morogoro, hilo ndilo lilikuwa jibu la kila mtu kwa mtoto kama huyo. Hata vyama vya wafugaji wa aina hii ng'ambo viliwahi kupendekeza hivyo, kwa hoja kwamba ni huruma kuliko kumwachia mbwa asiyesikia dunia ya magari. Nimechoma. Sindano yenyewe haina maumivu. Sitakudanganya kwamba kila nyumba inaweza kumlea mbwa kiziwi, na nimeona waliobakizwa kwa huruma wakaishia kwenye mnyororo nyuma ya banda, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi. Lakini katika miaka yangu ya mwisho kazini niliona pia waliolelewa vizuri, nikajiuliza ni wangapi niliwamaliza kwa kuwa tu hakuna aliyeuliza swali la pili.

Mkitaka kujaribu, vinavyohitajika havina ajabu. Ukuta au uzio usio na matundu, na geti linalofungwa kila mara. Ishara za mkono zisizobadilika, kama kumi hivi zinatosha: njoo, kaa, hapana, chakula, vizuri. Usiku tochi, au taa ya uani kuwashwa na kuzimwa. Kumwamsha kwa kugusa taratibu sehemu ile ile, na kila akiamka akute kipande cha nyama, mpaka mkono wa mtu usingizini uwe na maana ya nyama. Watoto wafundishwe wasimrukie akiwa amelala. Mikanda ya shingoni inayopiga shoti iepuke. Mkitaka kumpa mtu mwingine, mpeleke kwa mwenye uwanja uliozungushiwa, aliyeambiwa kila kitu, na ambaye umemtembelea. Na hapa nitashindwa kujizuia, unisamehe: popote watakapokwenda, wafungwe kizazi.

Kuhusu kupandisha tena mwezi wa 12, kuna njia zaidi ya mbili. Dume yule yule ni kurudia bahati nasibu ambayo umeshaona matokeo yake. Dume mwenye macho ya kahawia aliyepimwa masikio yote mawili atapunguza hatari, hataiondoa, kwani hata wazazi wanaosikia vizuri hupata mtoto kiziwi. Uziwi huu haufuati hesabu rahisi ya kurithi ambayo ungeweza kuipiga kwenye karatasi. Na jike mwenyewe akiwa wa sikio moja, hatari inapanda upya. Kuacha kabisa nako kuna bei: ni ada ya muhula ujao. Ningependa uandike pembeni, kwa kalamu, umebaki na shilingi ngapi baada ya chakula, chanjo, dawa za minyoo na hela utakayorudisha. Wafugaji wengi wa mbwa wa kizungu huhesabu mauzo tu.

Basi tufike mezani.

Unauliza kama kuacha kumzalisha mbwa ni kumwambia mdogo wako kwamba asingepaswa kuwepo. Naelewa lilikotoka swali hilo, na linakuheshimu. Lakini lisogeze karibu na taa. Mdogo wako alizaliwa anasikia. Homa ndiyo ilimchukulia. Hata angezaliwa hivyo, hakuna aliyesimama mlangoni na karatasi akichagua nani aingie. Mbwa wako hapandishwi kwa mapenzi yake wala hajichagulii mume. Sisi ndio tunaomchagulia, kwa ajili ya madoa, macho na ada, kwa hiyo tunalojua kuhusu dume tunalijibia sisi. Usipompandisha, hakuna mtoto aliye nje anayegonga mlango. Pamba yeye ameshaingia. Anadai mengine kabisa.

Halafu uziwi wa mdogo wako una lugha ndani yake. Una shule, marafiki wa Mwanga, utani ambao mimi na wewe hatuuelewi. Ukimfananisha na mbwa, hata kwa kumtetea, umemweka tena pale pale mume wako alipomweka.

Nadhani pia hakukuuliza unachodhani alikuuliza. "Na mimi?" Alikuwa anamtazama nani? Umeandika mwenyewe: alikutazama wewe. Mume wako ndiye aliyesema, lakini macho yalikuja kwako, kwa kuwa wewe ndiye pale mezani unayejua lugha yake, tangu utoto. Huenda alitaka kuona kama dada yake atafungua mdomo. Wewe ukamwongezea mboga. Wengi wetu tungefanya hivyo. Mboga ni rahisi kuliko maneno. Lakini jibu analolisubiri halitatoka kwenye uamuzi wowote kuhusu mbwa, hata ukiwabakiza wote tisa.

Je, mume wako anajua kwamba shemeji yake alisoma midomo yake? Hukuandika. Inawezekana alidhani anaongea nyuma ya mlango uliofungwa, kama wanavyofanya wanaosikia wengi mbele ya viziwi. Akijua, atakuwa na la kufanya, au ataonyesha kwamba hana. Vyote viwili unahitaji kuvijua. Na wewe usimtumie ujumbe mwingine wa simu. Panda gari uende karakana kwake, mikono yenu ionane. Najua litakujia wazo la kumwomba awafundishe watoto wako namna ya kuishi na Pamba. Ni wazo zuri, kwa kuwa hakuna nyumbani kwenu anayejua kuliko yeye jinsi ya kumwita asiyesikia bila kumshtua. Ila lisitangulie. Akiona umekuja kwa ajili ya mbwa, atapokea kazi, na swali lake atalirudisha mfukoni.

Nina ombi moja, ukipata nafasi ya kuniandikia tena. Binti yako alimwita Pamba, hilo nimelijua. Lakini mdogo wako naye alimpa ishara ya jina siku ile, umeitaja kwa mstari mmoja ukaipita. Ni ipi? Kama hukuishika, muulize.

Mjomba